Mzigo Niliompokea Mama Njiani

Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na chupa ya chai ya maziwa mgongoni. Sikusimuliwa. Tulikuwa watatu, na wenzangu wote wapo hapa Toronto, ingawa mmoja wao hataki tena mazungumzo haya. Ukiona vigumu kuamini, sikulaumu. Soma tu polepole.

Mimi ni mtu wa Mbeya. Furaha, aliyekulia Bukavu, nafanya naye kazi ya kutunza wazee. Mwangi ni Mkenya wa Nyeri, jirani yetu. Majira ya baridi yaliyopita tulichoka kukaa ndani, tukaendesha gari hadi kwenye vilima vya kaskazini-magharibi mwa jiji, ambako watu huenda kutembea siku nzima. Wenyeji huviita milima. Mwangi alishuka kwenye gari, akatazama huku na huku, akauliza mlima wenyewe umefichwa wapi.

Njia za huko hazipotezi mtu. Miti imepakwa alama nyeupe. Ukifika kwenye moja unaiona inayofuata, mpaka unarudi ulikoacha gari. Tulipanda, tukashuka, tukaketi juu ya gogo kula machenza. Furaha akaacha maganda pale kwenye gogo, nikamgombeza kidogo. Mbele kidogo Mwangi akakanyaga barafu nyembamba juu ya kijito. Mguu ukazama, kiatu kikajaa maji.

Nikueleze, kama hujaishi na baridi hii: mguu uliolowa si jambo la mchezo. Vidole hufa kimyakimya. Mwanzo vinauma, halafu vinaacha kuuma, na hapo ndipo pa kuogopa. Basi tulikuwa na kazi moja tu, kumfikisha Mwangi kwenye gari vidole vyake vikiwa bado hai. Hatukuwa mbali. Chini yetu tulisikia magari barabarani.

Hapo ndipo tulipomkuta mama.

Alikuwa anatembea mbele yetu, taratibu, katikati ya njia. Kitenge juu ya koti zito, kilemba kichwani, viatu vya kiume, na mfuko wa nguo mkononi. Nikamwamkia kwa Kiswahili hata kabla sijafikiri. Akaitikia kwa Kiswahili. Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Ungempita mama wa makamo yale na mzigo wake kwenye theluji? Nikasema, "Nikupokee, mama," nikauchukua mfuko. Ulikuwa mwepesi, kama una nguo za mtoto. Akashukuru, akaendelea mbele, nasi nyuma yake, kwa mwendo wake. Mzee humpiti njiani.

Tukatembea. Alama nyeupe, nyingine, nyingine. Mwangi akaanza mzaha kwamba akikatwa vidole atanunua viatu vya saizi ndogo, vina bei nafuu. Kisha akaacha mzaha. Akasema mguu hauumi tena.

Furaha akanivuta mkono. Huniita yaya, yaani mkubwa wake, kama wasemavyo kwao Bukavu. "Yaya, hii mahali tulishapita."

Nikatazama. Gogo lile. Maganda ya machenza juu yake. Lakini theluji ilikuwa laini pande zote, haina hata unyayo wetu mmoja. Niamini, tulitafuta. Tukaendelea, na gogo likarudi. Likarudi tena. Magari bado yalisikika pale chini, karibu kabisa, na jua lilikuwa limesimama palepale kati ya matawi. Tulijaribu kukata njia kupitia msituni. Tukatokea nyuma ya mama. Nilijaribu kumrudishia mfuko bila kusema kitu; vidole vyangu havikufunguka. Nikajiambia ni baridi.

Mwangi alikuwa sasa anamwegemea Furaha, akitaka kuketi apumzike kidogo tu. Kazi yetu imenifundisha maana ya mtu anayetaka kupumzika kidogo tu.

Ndipo nilipogundua kosa langu. Nyumbani ukimpokea mtu mzigo unajua anakwenda wapi: sokoni, kanisani, kwa binti yake. Mimi nilichukua bila kuuliza.

Nikasema, "Mama, tunakufikisha wapi?"

Akasimama. Hakugeuka. "Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Nifikishe."

Nilikuwa sijawahi kumkatalia mtu wa umri ule. Nikamwambia, "Huko hatuwezi kukufikisha, mama. Mwenzetu anaumia. Naomba upokee mfuko wako."

Kisha akanyoosha mkono nyuma.

"Ungeniuliza mapema," akasema, bila hasira. "Nisingekuzoea."

Vidole vikafunguka. Tukampita, Mwangi katikati yetu, na hakuna aliyegeuza shingo. Baada ya mti mmoja tu tukaliona gari letu.

Vidole vya Mwangi vilipona, isipokuwa kile kidogo. Mkono wangu wa kulia haujapata joto hadi leo. Daktari haoni kasoro, ila wazee ninaowaogesha hushtuka nikiwagusa, kwa hiyo natumia wa kushoto. Na tulipokuja kuzungumza, Furaha aliapa yule mama aliongea Kiswahili cha Bukavu. Mwangi akasema hapana, alikuwa mama wa kwao kabisa, wa Nyeri. Mimi nilisikia mtu wa Mbeya. Tangu siku hiyo Mwangi hataki kulizungumzia.

Sikwambii uache kusaidia watu. Saidia, tena kwa moyo. Ila kabla hujashika mzigo wa mtu kwenye njia zile, muulize anakwenda wapi, na akikujibu nyumbani tu, mwombe radhi na umpite haraka, kabla hajakuzoea. Utaumia, hilo sikufichi. Kila theluji inapoanza kushuka, Furaha hunipigia simu kuuliza kama nadhani yule mama amempata mtu wa kumpokea, nami sijui nimwombee ampate au asimpate.