Penseli ya Muuza Ruta

Muuza ruta za intaneti hagusi boksi hata moja kabla hajaichora nyumba ya mteja. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akageuza kipande cha katoni, na kwa sauti ya chini, kama daktari anayeuliza panapouma, akamwuliza mke aliyeingia dukani na mumewe, "Dada, simu unaitumia ukiwa wapi zaidi?"

"Kwenye ngazi za nyuma ya jiko. Jioni, kazi zikiisha. Hapo ndipo napumua."

Muuzaji akatia nukta. Mume, aliyekuwa ameshakumbatia ruta kubwa yenye antena sita, alihisi wivu. Miaka tisa ya ndoa, na ngazi hizo alizijua kwa kupita na takataka tu. Huyu mwenye vidole vyembamba vilivyochafuka penseli amezijua kwa swali moja, tena mke anamjibu huku anatabasamu.

"Na shemeji?" muuzaji aliuliza bila kuinua macho.

"Huyo yuko sebuleni, kiti cha mlangoni, siku zote."

Muuzaji akatia nukta ya pili, akavuta mstari taratibu kutoka moja hadi nyingine, akihesabu kwa kunong'ona.

"Kuna kuta tatu kati yenu," akasema.

Mume akatamani kumpokonya ile penseli.