Mwalimu Eufrazia na Kipimo Kisichouliza

Mwalimu Eufrazia hakuwahi kufeli mtihani wowote mbele ya mtu aliyeshika fimbo, na hilo ndilo lililomponza.

Alizaliwa Masasi, akasomea ualimu huko huko kusini, akahamia Mbagala akiwa na cheti, sanduku na mdomo usiolala. Kwa miaka kumi na minne alifundisha darasa la nne katika shule moja ya binafsi, na watoto waliopita mikononi mwake walijua jambo moja: mwalimu huyu habembelezi. Kosa ni kosa, hata ukiwa mtoto wa mwenye shule.

Mwezi wa tatu, akisahihisha madaftari, alifumba jicho la kulia ili alikune. Wino mwekundu ukafifia, ukawa rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Akalifumbua, wekundu ukarudi. Akafumba tena, akafumbua tena, kama mtu anayechezea swichi. Ndani ya siku nne jicho la kushoto lilikuwa limejaa ukungu katikati, na kila akiligeuza liliuma kwa ndani. Akaanza kumimina chai nje ya kikombe na kuandika alama za mtoto mmoja kwenye mstari wa mwingine. Wazazi wakalalamika.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kamugisha, aliyependa karatasi kuliko watu, akamtaka alete cheti cha daktari wa macho.

Hapo ndipo Eufrazia alipojichimbia kaburi mwenyewe. Kwenye kliniki aliyokwenda, benchi la kusubiri lilikuwa jirani na mlango ulioachwa wazi, na wagonjwa saba waliomtangulia wote walisomeshwa ubao uleule wa herufi. Mwalimu wa miaka kumi na minne akisikia kitu mara saba, kimeshaingia. Zamu yake ilipofika, muuguzi akamziba jicho la kulia, akagonga ubao kwa fimbo. Eufrazia aliona moshi tu. Lakini fimbo imegonga, mtu anasubiri jibu, na mdomo ukajibu wenyewe: herufi zote, mpaka mstari wa chini kabisa, bila kukwama. Muuguzi akamsifu. Eufrazia naye akatabasamu, mjinga yule, kama mtoto aliyepigiwa vema daftarini. Alipofika kituo cha basi ndipo alipoisoma karatasi: macho yote mazima.

Kamugisha aliisoma karatasi hiyo mbele ya walimu kumi na mmoja, kwenye kikao cha Jumatatu.

"Macho mazima," alisema. "Sasa tuambiane ukweli. Huu ni usanii. Mwalimu kachoka kazi, anatafuta njia." Akamsukumia barua ya kuacha kazi, iliyokwisha chapwa, ikisubiri saini tu.

"Sisaini," Eufrazia alisema.

"Una wiki mbili."

"Hata ukinipa miaka miwili, mkuu. Mie jicho hili sioni, na msanii sijawahi kuwa."

Walimu wengine waliangalia meza. Hilo lilimuuma kuliko jicho. Watu aliokula nao chapati kila saa nne asubuhi, miaka nenda rudi, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Alikwenda Mikocheni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Dokta Anjelina, akamweleza yote pamoja na aibu ya ubao. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akammulika kwa tochi jicho moja baada ya jingine, na kicheko kikaisha.

"Jicho lenyewe laweza kuwa zima, mwalimu," alisema. "Jicho linapokea, ubongo ndio unaoona. Katikati kuna mshipa. Nataka kujua habari inachukua muda gani kufika."

Kipimo kilimtaka kwanza afumue rasta alizokaa saa sita kusukwa. Alizifumua akinung'unika. Mpimaji, mzee mwenye mvi aitwaye Marijani, akazigawa nywele zake na kumbandika nyaya kisogoni kwa gundi ya baridi.

"Mbona kisogoni, na jicho liko mbele?"

"Sehemu ya ubongo inayoona iko huku nyuma."

Mbele yake palikuwa na skrini ya miraba, kama ubao wa drafti. Nyeusi ikawa nyeupe, nyeupe ikawa nyeusi, mara mbili kila sekunde. Kazi yake ilikuwa kukazia macho kidoti cha katikati, jicho moja likiwa limezibwa.

"Naona," Eufrazia alitangaza. "Sasa hivi upande wa kulia..."

"Mwalimu, mie sikuulizi wewe," Marijani alisema. "Nakiuliza kichwa chako. Wewe tazama tu."

Akakikazia macho kidoti. Tangu ugonjwa uanze, hakuna mtu aliyewahi kumwacha asijieleze, na machozi yakamtoka. Marijani akasimamisha mashine, akamsubiri.

Kwa hesabu ya sekunde moja iliyogawanywa vipande elfu, jicho la kulia lilijibiwa na ubongo baada ya vipande mia moja na mbili. La kushoto, mia moja arobaini na nne. Wakarudia, likachelewa vilevile. Dokta Anjelina alimwambia kwamba mtu hawezi kuigiza kuchelewa namna ile. Picha ya MRI ikaonyesha madoa mawili meupe, moja kwenye mshipa wa jicho, jingine ndani ya ubongo. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa inatafuna ganda la mishipa, kama panya na waya wa umeme. Akawekewa dripu ya dawa siku tano. Ukungu ukapungua, haukuisha, na daktari hakumficha kwamba ugonjwa unaweza kurudi.

"Ukirudi utanikuta," Eufrazia alisema.

Siku ya kumi na nne aliziweka karatasi zote mezani kwa Kamugisha. Mkuu alizisoma moja moja, akaichana ile barua.

"Pole sana, mwalimu. Sasa tumekuamini. Darasa lako linakusubiri."

"Hujaniamini mie. Umeiamini mashine. Mie nilikuambia kwa mdomo wangu, ukaniita msanii."

"Basi, yaishe."

"Hayaishi humu ndani, mkuu. Ulinitukana mbele ya watu kumi na mmoja. Waite."

Kamugisha aliutazama mlango, akazitazama karatasi, akamtazama yeye. Kisha akatuma waitwe. Walimu wakaingia, wakajipanga mpaka ukutani. Mkuu akasafisha koo, akasema harakaharaka, macho mezani, kwamba Mwalimu Eufrazia anaumwa kweli na kwamba yeye alikosea.

Eufrazia alikunja mikono kifuani.

"Rudia kwa sauti, mkuu," alisema. "Walio nyuma hawajasikia."