Ila ya Mama

Ile programu sikuiandika mimi, niliikuta ofisini, na mpaka leo inanikera. Kila Jumatatu inawatumia ujumbe wa simu wanaotunza mabomba ya vijijini: maji yanatoka? Jibu ndiyo au hapana. Ndani yake kuna kipande kidogo kinachogeuza jibu kuwa kweli au si kweli, maana kompyuta haielewi lingine. Bomba lenye si kweli ndilo linalopelekewa fundi.

Sasa aliyekiandika, sijui kakulia wapi, alikifundisha kusoma neno la kwanza tu. Likiwa hapana, si kweli. Likiwa lingine lolote, kweli. Jamani, Singida hii nani anaanza na hapana? Mtu hajakusalimia, hajakupa pole ya kazi, akurushie hapana tu usoni?

Bomba la mtaani kwetu Mungaa ufunguo anao mama yangu. Siku nilipochoka kuiamini kompyuta nikafungua majibu yenyewe, nikakuta lake: “Salama. Poleni na kazi. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Ila maji hayatoki, pampu imezima.” Wiki ya tatu hiyo anaandika hivyo hivyo. Na pembeni programu imejaza: kweli. Maji yanatoka, fundi wa nini? Nilitamani kuipiga ile kompyuta kofi.

Nikampigia mama simu palepale, nikamwambia, kwa ukali usiomstahili, aandike hapana basi, asiongeze neno. Akasema huyo mtu wa ofisini hajamkosea kitu, atamjibuje kama anayefukuza mbuzi shambani.

“Mama, huyo si mtu. Ni mashine.”

“Na wewe ni mashine?” akauliza taratibu. “Kila Jumapili unanipigia, unauliza habari za nyumbani. Nasema salama, ila. Nikifika kwenye ila umeshaniaga.”

Hasira zote zikaniishia. Nikamuuliza, ila nini.

“Ila nachota maji korongoni, mwanangu, na goti limevimba.”

Jioni ile nilikirekebisha kile kipande kisome jibu mpaka mwisho, nikikisonya kila mstari. Kesho yake fundi akaenda Mungaa, na mimi nikapanda naye gari nikampeleke mama hospitali.

Jumapili iliyofuata nikapiga simu kama kawaida. Nikauliza habari za nyumbani. Akasema salama. Nikasubiri ila.