Chupa Niliyompa Nesi Siku ya Gwaride

Jamani, mkasa huu nausimulia huku nimeinamisha kichwa, maana hata leo nikipita sokoni Mugoma kuna watu wazima na mvi zao wananiita Mama Chupa, na mimi naitika, nitafanyaje, aibu ni yangu na hakuna wa kunipokea.

Ilikuwa wakati wa vita vya nduli, yule mtawala wa nchi jirani aliyetuvamia. Mume wangu alikuwa amechukuliwa na wenzake kwenda mstari wa mbele, nami nilibaki na mama mkwe kwenye kijiji chetu cha ujamaa, asubuhi niko mgambo na bunduki ya mbao begani, mchana niko shamba la kijiji. Nilikuwa na mimba ya miezi kama mitano (nguo za mgambo zilikuwa pana, na kujifunga kitambaa nilikuwa najua), na pale kijijini aliyejua ni mama mkwe peke yake. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, akaamini ni kwa sababu nilizitangaza mapema. Kwa hiyo hii ya tatu tuliificha, na mume wangu huko aliko alikuwa anaisubiri kuliko anavyosubiri mshahara.

Basi afande akatangaza kwamba nesi kutoka wilayani atakuja kuwapima wanawake wote wa mgambo, uzito, presha na mkojo, kwa sababu wenzetu wawili walikuwa wameanguka kwenye mazoezi. Kila mtu alipewa kichupa aende nacho nyumbani. Mama mkwe alipokiona akakaa chini kabisa. Kwetu mkojo wa mwenye mimba haupewi mtu usiyemjua, anaweza kwenda kuufanyia mambo na mtoto asizaliwe. Ndipo nikaona chungu cha ndizi mbivu alizokuwa amekamua, bado hajazitia mtama ziwe pombe, nikachota kidogo, nikachuja kwa kitambaa, nikaongeza maji mpaka rangi ikakubali. Nikajiona mjanja kweli!

Asubuhi nikakabidhi. Nesi (mama mmoja mnene, mpole, ana mwanya) alikuwa ameweka meza nje ya ofisi ya kijiji, akawa anachanganya kila mkojo na dawa ya bluu na kuuchemsha kwenye taa ya spiriti. Mikojo ya wenzangu ilibaki bluu. Wangu ukageuka mwekundu kama tofali. Akarudia, ukawa vilevile. Akaniangalia usoni, akaniuliza kama nina kiu sana, nami kwa woga nikasema ndiyo, akaniuliza kama nachoka, nikasema ndiyo (nani hachoki na lile shamba?), basi akamwita afande akamwambia nina sukari ya kutisha, niwahishwe hospitali sasa hivi.

Gwaride likasimamishwa. Wanaume wakaitwa kusukuma Landrova iliyokuwa haiwaki, mimi nimelazwa nyuma na buti zangu zimechungulia nje, na mtu akakimbia shambani kumwambia mama mkwe kwamba mkwewe anakufa. Alikuja amebeba jembe, analia, akashika mlango wa gari asiachie.

"Hana sukari huyu," akamwambia nesi mbele ya kombania nzima. "Mle mna ndizi zangu. Mtoto ana mimba, tumeogopa kuwapa mkojo wake."

Kicheko kikalipuka. Walicheka waliosukuma gari, walicheka wanawake wenzangu, afande mwenyewe akageukia ukutani mabega yanamtikisika. Nesi peke yake hakucheka. Alinishika mkono akanisaidia kushuka.

"Njoo ndani mwanangu, tuanze upya. Tutakuwa wawili tu."

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, hatua chache tu. Mimi nikauchomoa mkono wangu nikakimbia, nikapita katikati ya vile vicheko mpaka migombani, nikalia huko mpaka sauti ikakauka.

Sikurudi mgambo, na kliniki sikukanyaga. Nesi alikuja kijijini mara nyingine, akaniulizia, nikajificha. Miguu ikavimba nikasema ni jembe, kichwa kikauma nikasema ni jua, macho yakaanza kuona vimulimuli nikanyamaza. Ikafika siku nikaanguka jikoni nikitetemeka na kujing'ata ulimi, na nilipozinduka nilikuwa hospitali, tumbo tupu. Mtoto alikuwa wa kiume, alizaliwa ameshakufa. Daktari alinieleza taratibu kwamba ilikuwa presha ya mimba, na kwamba ile mashine ya presha inayofungwa mkononi na mkojo wenyewe vingewaonyesha mapema.

Vita vilipokwisha mume wangu akarudi mzima, hana hata kovu. Aliingia ndani na mfuko begani, akamwamkia mama yake shikamoo, akatazama kitandani, akatazama mgongoni kwangu, kisha akaniuliza, "Yuko wapi?" Mimi niliyebaki mahali pasipo na risasi ndiye niliyempoteza mtoto.

Nilizaa wengine baadaye, na kila mimba nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kliniki, kichupa mkononi, mkojo ni wangu mwenyewe. Wanaotaka kunicheka waendelee tu. Sitakimbia tena, maana siku niliyokimbia kicheko sikuwa nakimbia peke yangu, nilikuwa na mwanangu tumboni.