Vidole vilipogoma kusuka, asmini ikaingia kwenye maziwa

Jua bado halijafika uani, lakini mwanamke huyu ameshakwenda na kurudi mara kadhaa kati ya jikoni na ndoo kuukuu za maua zilizopangwa kando ya ukuta. Anachuma asmini mojamoja, anainusa, anaitupia kwenye bakuli. Ndani, sufuria ya maziwa imeanza kutoa mvuke. Anazima jiko kabla hayajachemka, anatia majani ya chai kiasi cha kufinya kwa vidole, kisha maua, kisha anafunika.

"Asmini haitaki vurugu," anasema, huku akifunua mfuniko, akichungulia na kufunika tena. "Ukiichemsha inakuwa chungu. Iache iloweke polepole."

Polepole ni neno analowashauri wengine tu. Majirani wanamwita Cherehani, ingawa hajawahi kushona hata kifungo. Wanasema hivyo kwa sababu mikono yake na mdomo wake huenda pamoja, na vikianza havisimami.

Maziwa yakipoa anayachuja kwa kitambaa safi na kuyaweka kwenye friji mpaka yawe baridi kabisa. Ndipo yanaingia kwenye blenda pamoja na aiskrimu na kijiko cha asali. Kinachotoka ni milksheki nzito ambayo harufu yake hukufikia kabla ya glasi.

Lakini kazi iliyomlisha tangu usichana si hii. Cherehani ni msusi. Amesuka vichwa vya mabibi harusi, vya walimu, na vya wasichana ambao sasa wanamletea binti zao. Miaka miwili iliyopita vidole vikaanza kufa ganzi. Kwanza asubuhi tu, baadaye kutwa nzima. Kitana kilikuwa kinamponyoka mbele ya wateja.

"Daktari aliniambia niipumzishe mikono," anakumbuka. "Nikamwambia, daktari wangu, mikono ikipumzika, mdomo utakula nini?"

Hakupumzika. Alipunguza tu, akawa anasuka kichwa kimoja kwa siku badala ya vitatu, na nusu ya siku akawa hana la kufanya. Hilo ndilo lililomtesa kuliko maumivu yenyewe.

Milksheki ilianza kwa njaa ya mteja. Muuguzi mmoja alikuja kusukwa akitoka zamu bila kula, na katikati ya kusukwa akaanza kuona kizunguzungu. Jikoni kulikuwa na chai ya maziwa iliyopoa, ambayo Cherehani alikuwa ameitia asmini kwa kupenda harufu yake. Kulikuwa pia na aiskrimu ya binti yake. Akavisaga pamoja.

"Alikunywa, akanyamaza. Nikadhani amezimia kweli," anasema, akicheka. "Kumbe anakwangua chini ya glasi."

Tangu siku hiyo wateja wakawa wanaulizia glasi kabla ya kuulizia rasta. Glasi nne zilimpa karibu sawa na kichwa kimoja, na blenda haihitaji vidole vizima. Akaanza kuona mlango.

Tabia yake ndiyo iliyokaribia kuufunga. Hakuridhika. Leo aliongeza waridi, kesho akapunguza asali. "Shemeji, jana ilikuwa tamu, umeifanya nini tena?" wateja walilalamika. Hatimaye mwenye mgahawa wa barabara kuu alipokubali kuionja, akifikiria kuiuza kwake, Cherehani aliona nyeupe haitoshi. Alitaka irembeke. Akaiongezea rozela, yale maua mekundu yenye ukali, ikatoka na rangi ya waridi iliyompendeza hata binti yake.

Akaijaza kwenye chupa ya chai, akavaa nguo yake nzuri, akaenda.

Mbele ya mwenye mgahawa na wafanyakazi wake, aliimimina. Yakatoka maji ya pinki na mabonge.

"Mama," yule bwana aliuliza, "hii ni milksheki au mtindi?"

Wafanyakazi walicheka. Cherehani anasema na yeye alicheka pia, ili asilie. Alirudi nyumbani kwa miguu, chupa kwapani, akimwaga kidogokidogo mtaroni ili asifike nayo.

Siku zilizofuata hakugusa blenda. Alisugua masufuria ambayo tayari yalikuwa yanang'aa. Alihamisha kabati, akalirudisha. Alimfumua binti yake nywele na kumsuka upya, akamfumua tena, vidole vikimuuma.

"Nilimwambia, mama, kichwa changu si shamba," anasema binti huyo, anayesoma sekondari. "Akaangua kilio. Nilikuwa sijawahi kumwona mama analia."

Mume wake ni seremala, mtu wa maneno machache na mwendo wa kobe. Wawili hawa wamegombana kwa methali tangu ndoa yao ikiwa changa: yeye akisema haraka haraka haina baraka, mkewe anamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Safari hii hakutoa methali. Alingoja mpaka kilio kiishe, akauliza, "Mama nanihii, uliongeza nini?"

"Rozela."

"Ile chachu?"

"Ndiyo."

"Na ndimu ukiikamulia kwenye maziwa, inakuwaje?"

Cherehani alimtazama. "Nilitamani kumrushia mwiko," anasema. "Siku zote hizo anajua, amenyamaza!"

"Hukuniuliza," anasema mume, akiendelea kupiga msasa.

Cherehani alirudi mgahawani na chupa ya milksheki ya asmini peke yake, isiyo na urembo. Mwenye mgahawa aliionja, akaisifu, akasema nafasi imeshachukuliwa na juisi za kampuni. Mambo hayakugeuka kama katika hadithi. Ila mhudumu mmoja kati ya wale waliocheka alimfuata nje, akamuuliza anaishi wapi. Jioni alikuja na wenzake wawili.

Sasa wanakuja wengi kuliko uwanja unavyoweza kubeba. Mwenye nyumba amelalamika kwamba wageni wanakatiza katikati ya nguo za wapangaji zilizoanikwa, na ametoa masharti: biashara ihamie upande wa barabara, au ikome. Amekubali ukuta wa jikoni utobolewe dirisha, gharama juu ya Cherehani na mumewe.

Cherehani anataka ifikapo mwakani awe ameacha kusuka kabisa, isipokuwa kichwa cha binti yake. "Na hicho kwa ruhusa," anaongeza.

Asubuhi hii mume amechora dirisha ukutani kwa chaki. Mbao hazijakauka, anasema, zinahitaji wiki mbili au tatu. Mkewe anazunguka jikoni, anakunja na kukunjua kitambaa. Mwishowe anachukua glasi iliyojaa, anasimama mbele ya ukuta na kunyoosha mkono nayo, kama anayemkabidhi mteja, mpaka inakaribia kugusa matofali.

"Umeweka juu mno," anasema. "Watoto hawatafika."

Mume anafuta mstari wa chini kwa kiganja, anapiga magoti, anachora mwingine.