Sahani ya Saumu

Ukitaka kumuudhi Saumu Nuhu, binti wa Mikindani, usihangaike kumtukana, maana atacheka. Mpakulie pilau kwenye sahani yake peke yake, mwekee na kijiko pembeni, halafu mwambie, "Karibu mgeni." Hapo ndipo utamjua. Mtu amekaa Polandi miaka minne akisomea uendeshaji wa bandari, amevumilia baridi ya kukausha pua na walimu wasiojua kucheka, lakini sahani moja tu itamharibia siku. Na kisa chote alikianzisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Baba yake, Mzee Nuhu, ni mpakiaji mizigo katika bandari ya Mtwara, na nyumba yake imeshikana ukuta na ya Petro, mtu wa Mbeya anayeendesha winchi hapo hapo bandarini. Siku ya Idd, Mama Jesca, mke wa Petro, aliingia kwa mlango wa uani bila hodi, mwiko wake mkononi, akapika pamoja na Bi Safina, mama yake Saumu, utadhani yeye ndiye aliyefunga mwezi mzima. Krismasi ikifika, Mzee Nuhu alikwenda kumchinjia Petro kuku ili wanawe yeye Nuhu nao wale bila wasiwasi, na kuku akiwa bado hajanyonyolewa watoto walishajipanga kwenye mkeka wa watu. Dini iliamua nani apike tu. Kula ilikuwa kazi ya mtaa mzima.

Akili hiyo ndiyo aliyopanda nayo ndege.

Desemba yake ya kwanza huko, bweni lilianza kubaki tupu. Kasia, msichana wa Kipolandi aliyekuwa naye chumba kimoja, alimweleza huku akifunga begi kwamba kwao, mkesha wa Krismasi, kila nyumba huweka mezani sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyealikwa, yeyote atakayebisha hodi. Alieleza kwa fahari kubwa. Saumu hakuona ajabu yoyote. Alichojiuliza ni kwa nini waweke moja tu, kwani wageni wakija watatu itakuwaje? Kasia akamkumbatia, akamtakia heri, akaenda zake kwao. Kumwalika hakumwalika, na Saumu wala hakulitia moyoni, maana si ameshaambiwa kwamba nchi nzima imemwekea sahani?

Basi jioni ya mkesha, na kule giza linaingia alasiri watu hata chai hawajanywa, Saumu akaoga, akavaa gauni lake la Idd na koti zito juu yake, akachukua pakiti ya korosho kutoka shamba la bibi yake huko Mpapura, akavuka barabara. Alichagua nyumba ya wazee wawili waliokaa mkabala na bweni. Undugu wao ulikuwa huu: mzee alitembeza mbwa kila asubuhi, Saumu alimsalimia, na siku nyingine mzee aliitika. Kwa Mikindani hiyo inatosha kabisa kula harusini kwa mtu.

Mlango ulipofunguliwa aliona familia imekaa mezani imependeza, na ile sahani kweli ipo, nyeupe, inang'aa. Akasema kwa Kipolandi alichokikariri tangu mchana, "Mimi ndiye mgeni."

Mzee akamtazama mkewe, mke akaitazama sahani. Sahani ya mgeni ilikuwa ikiwekwa katika ukoo ule tangu enzi za mabibi zao. Vita vimepita, serikali zimekuja na kuondoka, na hakuna siku hata moja aliyotokea mtu kuilia. Hata kiti haikuwa nacho! Walimwekea mgeni sahani wakasahau kwamba mgeni naye ana makalio. Ikabidi mkwe wao akimbilie bafuni kuleta stuli ya plastiki yenye picha ya bata.

Hata hivyo walimkaribisha, tena vizuri, mshtuko ulipowaisha. Bahati yake mkesha ule kwao hawali nyama, ni samaki na mboga tu, kwa hiyo hofu yake ya kitimoto ikayeyuka. Chini ya kitambaa cha meza walitandika nyasi kavu, akajiuliza mbuzi yuko wapi. Samaki mwenyewe alikuwa na ladha ya tope kama kambale wa mtoni kule Kitaya, na Saumu akamfyonza mpaka mifupa huku wenyewe wakimkodolea macho. Mama mwenye nyumba, Bi Halina, alilia kidogo, kisha akala korosho nyingi. Wakati wa kuagana alimshika mikono yote miwili. "Mwakani uje," alimwambia. "Safari hii tumekualika."

Mwakani akaenda. Akakuta sahani yake, na kiti kamili chenye mto. Na pembeni, sahani nyingine tupu ya mgeni asiyealikwa. Haina kiti.

Lakini tusiiruke Idd. Ile Idd ya kwanza ugenini Saumu aliswali na Waturuki na wazee wa Kitatari, Waislamu wa huko huko Polandi, wakapeana mikono, kisha kila mtu akakimbilia kazini, maana ilikuwa Jumatano na Jumatano ya watu haina habari na mwezi wako. Akarudi bwenini akapika pilau la sufuria kubwa, kwa kuwa kupika kwa kipimo cha mtu mmoja hakufundishwa. Akauacha mlango wa chumba wazi kabisa, kama inavyopasa siku ya Idd. Mwanafunzi mmoja akapita koridoni, akauona uko wazi, akamfungia kwa upole. Saumu akafungua. Akapita mwingine, akafunga. Wa tatu alifunga na msamaha akaomba, kwamba samahani kwa kuchungulia. Lile pilau alilila peke yake mpaka Jumamosi.

Bi Safina alipopiga simu alitaka kujua jambo moja. "Nani kaja kwako?"

"Wengi tu, mama."

"Waite basi niwasalimie."

Ikabidi ukweli utoke. Kwamba kule watu hawaingii kwa mtu hivi hivi. Kwamba hata Krismasi yenyewe aliingia kwa ile sahani tupu ya ziada tu, na kila mtu mezani alikuwa na sahani yake.

"Kila mtu na sahani yake?" Bi Safina aliuliza kwa hofu. "Kwani wamegombana?"

"Hawajagombana, mama. Ndivyo wanavyokula."

"Na hiyo nyingine tupu, ya nini?"

"Ya mtu ambaye hayupo."

Bi Safina akanyamaza. Ukiona mama wa Mikindani amenyamaza kwenye simu iliyokwisha kulipiwa, ujue kuna jambo anapanga.

Idd Kubwa ilipofika alifungua kabati la vyombo, akatoa sahani moja ya harusi yake, yenye maua na ukingo wa dhahabu, ambayo hata shehe hajawahi kuilia. Akapakua pilau, akachagua nyama nzuri, akaifunika kwa kawa, akaiweka mezani sebuleni. "Hii ya Saumu," akatangaza, na mashangazi wakajifuta macho kwa ncha za kanga.

Tatizo ni kwamba Mikindani haina uzoefu wa kuwekea chakula watu wasiokuwepo. Mtaani kuna kapera mmoja, fundi pikipiki, jina lake Fikirini, ambaye siku ya Idd hula barazani na wanaume kisha huingia ndani kumsalimia Bi Safina. Akaingia, akasalimia, akafunua kawa. Saumu alipopiga simu ya video kuangalia sahani yake, alimkuta Fikirini anaramba vidole.

"Mdogo wangu," Fikirini alisema bila haya, "fungu lako nimekulia. Limefika salama."

Bi Safina alimfokea mpaka Petro akasikia ng'ambo ya ukuta. Idd iliyofuata akaweka sahani tena, na Fikirini akala tena, na Idd nyingine vivyo hivyo. Watu wenye macho waliona kwamba kila mwaka sahani ya Saumu ilikuwa inajazwa zaidi, na kwamba Bi Safina alikuwa akifoka huku akimuuliza Fikirini kama chumvi imekolea.

Saumu alirudi kwao baada ya kuhitimu, siku moja kabla ya Idd. Shahada alikuwa nayo ndani ya begi, lakini njiani hakuiwaza. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu, na hamu yenyewe ilikuwa imemkaa kooni miaka minne: akae chini uani kwao, goti kwa goti na watu wake, wale sinia moja. Basi. Kazi, mshahara, hayo yangekuja kwa wakati wake. Akilikosa lile sinia, alijua atakuwa amepotea kweli.

Asubuhi ya Idd, wanaume walipotoka kuswali na kukaa barazani, wanawake walitandika mkeka uani. Mama Jesca alikuwepo na mwiko wake, mashangazi walikuwepo, watoto walikuwa wanasukumana. Sinia likaja, mvuke unapanda. Saumu akanawa mikono, akakusanya gauni lake ili akae.

"We Saumu, unakwenda wapi?" mama yake akamuuliza. "Chakula chako kiko ndani."

Sebuleni meza ilikuwa imetandikwa kitambaa kipya. Sahani ya maua ilikuwa juu yake, kijiko, uma, soda baridi, na kiti kimoja. Bi Safina alisimama kando ya kiti hicho macho yanamng'aa kwa furaha. "Miaka yote hii nakuwekea," alisema. "Leo umekuja kula mwenyewe."

Hebu niambie, unamkataliaje mama wa namna hiyo?

"Mwacheni mtoto apumue," shangazi mmoja alisikika kutoka uani. "Wenzenu huko hawali kwa mkono."

Saumu akakaa. Mama yake akarudi uani. Watoto wakasimama mlangoni kumtazama anavyotumia uma, na mmoja akawanong'oneza wenzake kwamba mzungu anakula. Huko nje kicheko kilipasuka, Mama Jesca alikuwa anasimulia kitu, na Saumu hakusikia ni kitu gani. Roho ikamuuma vibaya. Kwa Bi Halina alikwenda kuifuata sahani akapewa na watu wa kukaa nao. Kwao amewekewa sahani nzuri kuliko ile, na watu wako uani. Alitafuna nyama laini isiyo na ladha yoyote mdomoni, akawaza kwamba afadhali lile pilau la Jumamosi, kwa sababu kule angalau alijua yuko ugenini.

Ndipo Fikirini alipoingia, anajipangusa mikono tayari, akiimba kaswida. Akaona kiti kimekaliwa. Wimbo ukamkatikia kooni.

"Alaa," alisema. "Mwenyewe kaja." Na huzuni iliyokuwa usoni pake haikuwa ya kuigiza.

Saumu akasimama. "Kaa, kaka Fikirini. Chako hiki."

"Mama yako ataniua."

"Atakuua ukikiacha. Si atasema leo chakula chake kibaya?"

Fikirini ni mtu wa kuelewa mapema. Akakaa, akasukuma uma pembeni.

Saumu alipotokea uani mazungumzo yalikatika. "Pisheni, mgeni akae," shangazi akasema, na duara likafunguka. Lilifunguka kupita kiasi. Mama Jesca alivuta kanga yake ili isimguse. Wakamsogezea nyama yote upande wake, ikawa kilima, kisha wakaondoa mikono siniani, wakamngoja aanze. Ndani ya nyumba ile, tangu Saumu azaliwe, hakuna mtu aliyewahi kungojwa kwenye sinia. Aliyechelewa alikuta ukoko. Saumu akaiona ile adabu yao, akatamani kulia, kwa sababu hata hapa chini, juu ya mkeka, walikuwa wamempa sahani. Ila hii ya sasa haikuwa na ukingo wa dhahabu.

Akafanya jambo ambalo mtu mzima halifanyi. Akakiacha kilima chake cha nyama, akanyoosha mkono juu ya wali mpaka upande wa pili wa sinia, kwa Bi Safina, akaunyakua mfupa wenye mafuta uliobaki mbele ya mama yake mzazi.

Mkono wa Bi Safina ulitua juu ya mkono wake. Pa!

"Koma! Nyama mwisho!" Sauti ilivuka ukuta kama zamani, enzi watoto wakichapwa mikono kwa kuwahi nyama. "Mtu mzima, umekwenda kusoma huko umerudi huna adabu hata ya kuazima!"

Mama Jesca ndiye aliyeanza kucheka. Kisha shangazi, kisha wote, na walipokuwa wanacheka duara likajifunga. Goti la mtu lilimkandamiza Saumu mguu. Mama Jesca akajirudishia nusu ya nyama aliyokuwa ameitoa kwa heshima, na mtoto mmoja akapitisha kichwa chini ya kwapa la Saumu ili afikie wali. Mkono ulikuwa unamuwasha, machozi yanamtoka, akasingizia pilipili.

"Bi Safina!" Fikirini aliita kutoka ndani. "Kachumbari huku hakuna?"

"Mpelekeeni mgeni kachumbari," Bi Safina akasema, na hapo tu ndipo alipogeuka akamtazama binti yake vizuri, kuanzia juu mpaka chini, kama alikuwa hajamwona tangu ashuke kwenye gari jana yake.

"Wali kwanza," akamwambia. Saumu akala wali.