Kambale wa shemeji alivyomaliza samaki wa baba yangu mgonjwa

Wakuu, habari za humu ndani.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, mtaa wa Mapendo, Goma. Sijatia chumvi hata punje. Asiyeamini namtumia picha ya tangi tupu.

Kwanza mjue kwa nini mtu mzima kama mimi anafuga samaki wa mapambo.

Baba yangu alipigwa na kiharusi mwaka jana. Mkono na mguu wa kulia vikalala, maneno yakapotea. Huyu ni mzee aliyefundisha shule ya msingi kule Bukavu mpaka akastaafu, mtu wa kuongea tangu chai ya asubuhi mpaka kulala. Ikabaki "mm" tu.

Tukamleta kwangu, yeye na mama. Akawa anakaa kwenye kiti anaangalia ukuta, machozi yanamtoka kimya kimya. Wakuu, iliniuma sana.

Dada anayemfanyisha mazoezi ya viungo akashauri tumtafutie kitu kinachotembea akiangalie, kimrudishe duniani. Televisheni ilimchosha. Nikanunua tangi la lita sitini.

Hapo ndipo nilipokutana na tapeli namba moja, jamaa mmoja anayeleta samaki kutoka Kampala kwenye mifuko ya plastiki. Nikamuuliza ni samaki gani wanaoweza kukaa pamoja. Akacheka, akaniita papa, yaani baba.

"Samaki ni samaki, papa. Bote batazoeyana."

Akanipakia goldfish wawili, neon kumi na betta dume mmoja.

Jamani! Goldfish wanakua wakubwa, wanachafua maji kama ng'ombe, tena wanapenda maji ya baridi. Neon anataka maji ya moto kidogo na laini. Maji yetu yanatoka ziwani, ni magumu, ukichemshia chai birika linaota ukoko mweupe ndani. Neon wakafa wote wiki ya kwanza. Goldfish wakafuata, na betta akawa wa mwisho kufa.

Jamaa nikampigia simu, akaniambia labda hatukuwaombea.

Nikaamua kusoma. Ukweli ni mwepesi tu: unaanza na maji uliyonayo, halafu unatafuta samaki wa maji hayo, wa kimo kimoja, wa joto moja, wasiong'atana. Kwa maji ya huku ni guppy na platy, samaki wadogo wa rangi rangi. Nikaweka guppy kumi na platy sita. Nikawajengea na pango la mawe ya lava, maana mawe hayo Goma ni ya kuokota tu.

Mzee akabadilika. Saa kumi na mbili asubuhi ameshaamka, anakokota mguu mpaka kwenye kiti chake mbele ya tangi. Kidole cha mkono wa kushoto, ule usiougua, kinawafuata samaki. Siku moja akacheka, nusu ya mdomo, na mama akanipigia simu kazini kuniambia hilo tu.

Sasa ingia shemeji Déo, kaka wa mke wangu, mkulima wa Rutshuru na bingwa wa kila jambo duniani. Alikuja kumsalimia mzee, na kwa kuwa kwao mtu haingii mikono mitupu kwa wakwe, alishuka kwenye pikipiki na kibidoni, kidumu cha njano. Ndani yake kambale, urefu wa kidole.

"Beau-frère, shemeji wangu, nimekuletea mufanyakazi. Huyu anakula buchafu tu, atakufagilia mule chini."

Nilijua kambale hafai. Nilikuwa nimeshasoma! Lakini unamrudishiaje shemeji zawadi mbele ya dada yake na mbele ya wazazi wako? Nikajichekesha, nikasema asante, nikamtia kwenye tangi la mgonjwa.

Kambale akaingia kwenye pango langu la lava, hatukumwona tena. Mchana amelala. Mimi nikamsahau.

Baada ya miezi kadhaa guppy wakaanza kupungua, halafu na platy. Hakuna mzoga, hakuna mfupa.

Nilikuja humu kuomba msaada, mnakumbuka. Mmoja wenu akasema niweke chumvi. Mwingine akasema nyumba ina mkono wa mtu. Asanteni sana, maprofesa.

Ila mjuaji mkubwa nilikuwa mimi. Nikabadilisha filta. Nikamsingizia paka wa jirani.

Muda wote huo mzee alikuwa anagonga kioo kwa fimbo kila asubuhi. "Mm! Mm!" Anaonyesha mawe. Anakasirika mpaka mate yanamtoka.

Mke wangu akasema, "Papa iko natafuta kukuambia kitu."

Mimi nikajibu kwamba kelele ndizo zinazowaua samaki. Nikachukua kiti cha baba yangu, nikakipeleka dirishani, mgongo kwa tangi.

Someni tena hiyo sentensi mnidharau vizuri. Alikaa siku tatu akiangalia ukuta wa jirani. Hakula vizuri.

Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, nikasikia maji yanamwagika sebuleni. Nikatoka mbio.

Mzee amesimama peke yake bila fimbo, kifua kimeegemea tangi, mkono wa kushoto umezama mpaka kwenye kiwiko. Amenyanyua jiwe. Chini ya jiwe kuna kambale mnene kama mkono wangu, na mkia wa platy wa mwisho unamtoka mdomoni.

Mzee akanigeukia. Mdomo ukahangaika, ukapinda, ukatafuta.

"Mu... ji... nga."

Mama alipiga magoti palepale kwenye maji. "Amesema! Yezu wangu, amesema! Rudilia, papa, rudilia!"

"Mujinga."

Mke wangu analia. Mama anaimba. Majirani wanaingia kuuliza kuna nini, mzee ananionyesha kwa kidole na kuwarudilia, kila mara safi zaidi. Mimi nimesimama na taulo, natukanwa, nalia kama mtoto.

Kambale tulimla na bugali mchana. Shemeji alipopiga simu kuuliza mfanyakazi anaendeleaje, nilimwambia amestaafu.

Funzo langu, wakuu: samaki asiyefaa mkatae hata akiletwa na mkwe, aibu ya dakika tano si kitu. Na aliyekaa mbele ya tangi siku nzima anajua kuliko wewe uliyesoma, hata kama hawezi kusema.

Jumatatu naleta guppy wapya, na kiti kimesharudi mahali pake. Leteni maoni. Anayetaka kunitukana ruksa, ila ajue yuko nyuma ya baba yangu.